Kimo cha Friji

Nyumbani kwetu friji lilikaa sebuleni, mahali pake pa haki, kati ya televisheni na kochi la wageni. Wewe mwenzangu uliyekulia Dar es Salaam huhitaji maelezo. Friji ni la kuonekana. Juu yake kuna kitambaa cha kufuma kwa mkono, rangi ya maziwa na pindo jekundu, kazi ya mama mkwe wangu. Juu ya kitambaa kuna maua ya plastiki, rimoti zilizokufa ila hazitupwi, kadi za harusi za watu walioshaachana, na funguo ambazo hakuna ajuaye ni za mlango gani. Mgeni akiingia anakaa, anasikia mngurumo, anajua amefika kwa watu wanaojiweza, au angalau wanaojitahidi.

Balaa lilianzia kwenye simu. Mama Zuhura alikuwa ametoka kuweka malumalu jikoni kwa hela ya kikoba chake, kwa hiyo mimi sikuwa na kura, na malumalu yalipokauka akaanza kutazama video za majiko ya watu. Usiku umelala, mwanga wa simu unakupiga usoni.

"Baba Zuhura, hebu ona. Friji liko wapi hapa?"

Natazama. Naona makabati meupe kutoka ukuta huu hadi ukuta ule. "Hawana," nasema, "masikini."

"Lipo. Ni kabati hili."

Kweli, mkono wenye kucha ndefu ukavuta mlango wa kabati, taa ikawaka ndani, nikaona zabibu na chupa za maji zimepangwa mstari. Mama Zuhura akashusha pumzi ambayo hajawahi kuishusha kwa ajili yangu. Nikajua tumekwisha.

Niliombwa maoni. Nikayatoa. Yalipokelewa kwa heshima na kuwekwa pembeni. Ila kabla ya kuwekwa pembeni nilijaribu njia ya elimu. Nikamwambia mke wangu kwamba haya mambo ya jiko la kujengea, kila kitu ndani ya kabati, yana mwenyewe: mwanamke wa Austria aitwaye Margarete Schütte-Lihotzky, aliyechora jiko la nyumba za serikali ya mji wa Frankfurt mwaka 1926. Jiko lenyewe lilikuwa chumba chembamba, mita 1.9 kwa 3.4, na yakajengwa kama elfu kumi. Na bibi huyo, nikaongeza kwa ushindi, aliishi mpaka mwaka 2000 na alisema mwenyewe kwamba alipokuwa akilichora jiko lile hakuwa amewahi kupika.

"Ndiyo maana alipata muda wa kufikiri," akajibu mama Zuhura, akageukia ukutani.

Asubuhi habari ikamfikia Mkaguzi Mkuu. Huyu ni mama mkwe. Mimi na watoto tunamwita hivyo, yeye hajui, na naomba libaki kati yetu. Alitoka Tanga kuja kutusalimia, na salamu bado hazijaisha. Kila alfajiri baada ya sala hufungua friji, hunusa kopo moja moja, hugundua kwamba kopo la aiskrimu lina maharage, lile la siagi lina kitunguu saumu, na mfuko mweusi kule nyuma hauna mwenyewe. Ripoti hutoka kabla ya chai na haipokei majibu ya hoja.

Alipoambiwa friji linahamia jikoni na litaingia ndani ya kabati, alikaa kwanza.

"Yaani mnanunua friji la mamilioni, kisha mnalificha?"

"Ndiyo mtindo, mama," mama Zuhura akasema.

"Watu wakija watajuaje kama mnalo?"

Hapo nikatikisa kichwa kumuunga mkono, kidogo tu, mtikiso wa kuweza kukanwa baadaye. Mkaguzi akageuka akaliangalia friji la sebuleni kutoka juu hadi chini. "Na kitambaa changu je, kitakaa wapi?" Swali hilo halikujibiwa, nami nilijua litarudi.

Sasa hilo friji la sebuleni lililetwa na Shemeji Dili. Ni mdogo wake mama Zuhura, kijana mwenye moyo mzuri ambaye hajawahi kuulizwa kitu akasema hana. Ukitaka tairi, analo. Ukitaka kiwanja Chanika, kipo, cha marehemu fulani. Friji letu alilitoa kwenye shehena ya Dubai: "Jipya kabisa, shem, limetumika kidogo tu." Kitufe chake cha baridi kina namba moja hadi saba. Kwenye sita maziwa yanachacha. Kwenye saba mayai yanaganda hadi yanapasuka. Tumeishi miaka kwa kulitega kati ya sita na saba, na dada wetu wa kazi ndiye pekee mwenye mkono wa kupapata hapo katikati. Akienda kwao likizo tunakula vitu vikavu.

Kwa hiyo safari hii mama Zuhura alitaka jipya la dukani, lenye karatasi na waranti, na akaniteua niwe mtafiti. Kazi ya mtafiti ni kubeba mkoba na kushika mwavuli.

Kariakoo wauzaji walitusikiliza kwa upole. Wanayo mafriji ya kusimama peke yake mpaka barabarani, ya milango miwili, ya milango minne, ya kutoa maji kifuani. La kuingia kabatini? Mmoja akamwita mwenzake aje asikie. Mwishowe tukaelekezwa kwenye duka la vifaa vya jikoni ambako kiyoyozi kinakusalimu kabla ya mhudumu, na hapo ndipo nilipoliona kwa mara ya kwanza ana kwa ana.

Ndugu yangu, lile friji lilikuwa uchi. Mimi nilitegemea kitu cha kung'aa. Nikakuta boksi jeupe la bati, mbavu wazi, mlango mtupu usio na hata mpini, skurubu zinachungulia. Mhudumu akaeleza kwamba uzuri wake ni kazi ya seremala wako: mlango wa kabati unafungwa juu ya mlango wa friji, ama kwa kukazwa moja kwa moja viende pamoja, ama kwa reli ya kuteleza, kabati libaki na bawaba zake na friji zake. Ile ya kukazwa pamoja, akasema, ndiyo inayobeba mlango mzito wa mbao bila kulegea. Mama Zuhura aliandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa nasoma bei.

Nilipomaliza kusoma bei nikasoma ujazo, hapo ndipo nikapata nguvu ya kuongea. Boksi lenyewe lina upana wa sentimita 54, linaingia tundu la 56, kimo cha tundu 178. Ndani yake lita 250 na kitu. Pembeni palikuwa na la kusimama peke yake, lita 340, kwa bei ya chini. "Mama Zuhura," nikanong'ona, "tunalipa zaidi tupate kidogo."

"Tunalipia nafasi."

"Nafasi gani, wakati limepungua nafasi?"

Alinyamaza. Wewe uliyeoa unaujua ukimya huo. Nikaushika mwavuli vizuri.

Ukishakubali kushindwa, kinachobaki ni mgawanyo: mangapi friji, mangapi friza. Kipeperushi kilipigia debe la sabini kwa thelathini, sabini friji juu, thelathini friza chini, na picha ilionyesha kwa nini: droo tatu za majani ya saladi, limau moja, na samaki mmoja mwembamba kwenye sahani. Hao ndio wateja waliofikiriwa. Sisi Jumamosi tunarudi kutoka Feri na ndoo ya vibua. Tuna kisamvu kilichotwangwa kwenye mifuko, nazi zilizokunwa, maharage ya kuchemshwa mara moja yaliwe wiki nzima, na Idi ya kuchinja ikifika tuna nyama ya jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na yule wa nyuma ambaye hatuongei naye mwaka mzima ila siku hiyo analeta paja. Thelathini kwa mia ya lita 250 si kitu. Ingejaa vibua peke yao. Tukachukua hamsini kwa hamsini, lile lisilogandisha, lenye feni ndani, kwa sababu mama Zuhura amechoka kuniona nikichokoa barafu kwa kisu cha mkate huku napumulia kooni kila ncha inapokaribia bomba la gesi.

Mkaguzi alipopewa taarifa hakuridhika. Yeye anataka friza la kulala, lile la mlango wa juu. "Baridi ni nzito," akasema. "Ukifungua la kusimama inamwagika miguuni. La kulala unafungua, baridi imelala humo humo." Hakusoma fizikia popote mama huyu, na hakuna mhudumu wa dukani aliyeweza kunieleza jambo hilo vizuri kuliko yeye. Tena akaongeza la umeme. Ukikatika, friza lililojaa ukiacha kulifungua linaweza kufika siku mbili bado lina ugumu, likiwa nusu ni siku moja, na upande wa friji una saa nne tu. "Saa nne!" akarudia, akimwangalia mjukuu wake wa kiume.

Hapa nimweleze huyo. Ana miaka tisa na jina lake la nyumbani ni Bwana Mlango. Hufungua friji, akaegemea, akatafakari. Ukimuuliza anatafuta nini anasema "naangalia tu". Anaweza kuangalia mpaka mwanga wa taa umfanye kivuli ukutani, kisha anafunga bila kuchukua kitu, anaondoka, baada ya muda anarudi kuona kama kuna kilichobadilika. Dada yake Zuhura, ambaye sisi tunamwita Wakili, humtetea kwa ada ya nusu ya chochote kitakachopatikana.

Mimi nilikuwa na hoja moja ya kitaalamu. Kwenye kibandiko kilicho ndani ya friji, pembeni ya droo za mboga, kuna herufi ambazo muuzaji hakwambii mpaka umbane. Likiandikwa N, limeundwa kwa chumba kisichozidi joto la nyuzi 32. ST linafika 38. T, nyuzi 43. Sasa Februari ya Dar es Salaam hiyo 32 inafikiwa kivulini, na kivulini hakuna mtu anayekaanga maandazi. Washa jiko la gesi, funga dirisha kwa ajili ya mbu, kisha ulibane friji katikati ya mbao pande zote. Nikasema liwe la T au lisiwepo. Hoja ikapita. Kwenye kumbukumbu za familia imeandikwa kwamba aliitoa mama Zuhura.

Ikabaki kabati. Kabati ni mali ya Fundi Kesho, seremala wa Keko, mtu mwenye mikono ya dhahabu na kalenda isiyo na leo. Fundi Kesho hapimi kwa sentimita, hizo kwake ni za shule. Anapima kwa futi na inchi, na futi yake ya chuma imekatika inchi mbili za mwanzo, kwa hiyo kila kipimo anatoa mbili kichwani. Siku nyingine anasahau kutoa. Siku nyingine, akikumbuka kwamba jana alisahau, anatoa mara mbili. Mama Zuhura alimsomea daftari: sentimita 178. Fundi akapiga hesabu kwenye ubao wa MDF kwa penseli ya sikioni, akasema ni futi tano na inchi kumi. Akanitazama.

"Mzee una futi ngapi?"

Mama Zuhura akajibu kwa niaba yangu. Futi tano na inchi kumi, nikivua viatu.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kabatini. Tundu lilikuwa limesimama tayari, bila mgongo, na friji lenyewe lilikuwa bado lipo njiani, wiki za meli zikiwa zinahesabiwa na wengine. Fundi alitaka kuona kimo kwa kitu halisi, na cha bure kilichokuwepo ni baba mwenye nyumba. Nilivua ndala, nikaingia kinyumenyume, mikono ubavuni, kidevu juu. Utosi ukagusa. "Safi," akasema Fundi, "usihame," akaubandika mlango kwenye bawaba na kuufunga ili aone unavyokaa. Ndani palikuwa na giza na harufu ya gundi, na vumbi la ubao lilikuwa linanitekenya pua. Nikasikia mama Zuhura anauliza kama mpini uwe wa kulala au wa kusimama. Nikasikia dada anapita na ndoo. Kisha nikasikia kanga inayoburuzika, mwendo ninaoufahamu.

"Baba Zuhura yuko wapi? Nataka anisomee meseji hii."

"Yupo kabatini, bibi," dada akasema, akaendelea na deki.

Mlango ukafunguliwa. Kati ya mtu na mama mkwe wake pana heshima yake, kuna vyumba huingii, kuna maneno husemi, na hakuna aliyewahi kunifundisha la kusema katika hali ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Watafuta nini humo?"

"Napimwa, mama."

Akanitazama kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, bila haraka, ukaguzi kamili. "Litatosha," akamwambia Fundi. Akafunga mlango.

Friji lilikuja kwa kirikuu, limelazwa. Kijana wa mzigo alitaka kulichomeka hapo hapo aone linawaka apewe chai yake. Mama Zuhura akamzuia kwa daftari: likilazwa, mafuta ya kompresa hutiririka kwenye mabomba, lazima lisimame saa kadhaa yarudi mahali pake. Basi likasimama katikati ya jiko na sisi tukakaa kulizunguka kwa sauti za chini, utadhani mgonjwa ametoka safari. Mkaguzi akalifunika kitambaa chake. Kilimkaa vizuri.

Fundi alikuja kesho yake, namaanisha kesho ya kweli, jambo lililotushtua wote. Akaliingiza, likatosha, akakaza mlango juu ya mlango, halafu kwa kuwa ni msanii akaziba uwazi wa juu kwa ubao aliouchonga maua ya mkarafuu. Uzuri wake ungekutoa machozi. Mama Zuhura alikuwa amesimama na kitabu cha maelekezo.

"Fundi, hewa itatokea wapi?"

"Hewa gani, mama?"

Friji halitengenezi baridi, ndugu msomaji, hilo nimelisikia likielezwa kwa sauti ya juu nikiwa nimeshika bisibisi. Linabeba joto la ndani na kulimwaga nyuma yake. Hewa lazima iingie chini, kwenye uwazi wa miguu ya kabati, ipande mgongoni, itoke juu. Kitabu kinataka uwazi usiopungua sentimita za mraba 200, sawa na 20 kwa 10. Ukiziba, linahema usiku kucha, LUKU inalia, na kompresa inakufa mapema. Fundi aliyatazama maua yake. Tulimpa chai. Akanywa polepole, akachukua jigsoo, akakata tundu katikati ya bustani kwa ustadi hivi kwamba sasa linaonekana lilikusudiwa.

Likabaki suala la friji gadi, kile kiboksi cha taa ambacho umeme ukirudi hukaa dakika kadhaa kwanza, ili ule mshtuko wa mwanzo usiiue mashine. Soketi haiwezi kukaa nyuma ya friji lililojengewa, maana hutaifikia tena, kwa hiyo ipo kabati la pili, kwenye masufuria. Umeme ukirudi usiku huwa nainuka, nafungua masufuria, nangoja taa ya kijani kati ya chungu cha pilau na kibao cha mbuzi. Bwana Mlango naye amepata mpinzani: mlango ukiachwa wazi, friji linapiga mlio. Anaufunga, unanyamaza, anaufungua upya mlio uanze kuhesabu. Wakili amemshauri.

Lile la Shemeji Dili halikutoka sebuleni. Mkaguzi alisema ni kitambaa au yeye, na kitambaa kilikuwa kimeshafuliwa. Limezimwa, ndani yake kuna viatu vya shule na Kurani za madrasa, juu maua ni yale yale. Shemeji mwenyewe ameleta friza la kulala "la kujaribu tu, shem", liko koridoni, tunapita kwa ubavu.

Na nisilolitegemea ni mama mkwe. Mgeni hajamaliza kunawa, keshamshika mkono. "Njoo jikoni. Hebu niambie friji liko wapi." Mgeni anafungua la ufagio. Anafungua la masufuria. Mkaguzi anasubiri mpaka akate tamaa, ndipo anavuta mlango taratibu, taa inawaka, mgeni anasema "Mh! Kumbe!", na mlango unabaki wazi mpaka mlio upige, kwa sababu kuna hadithi ya kumalizia, ya mkwewe aliyepimwa humo. Amewaleta wanachama wote wa kikoba cha bintiye. Wanne wameshaweka oda kwa Fundi Kesho.

Fundi ana kazi sasa kuliko alizowahi kuwa nazo, na futi bado ni ile ile iliyokatika. Kwa hiyo amekuja kuzungumza na mama Zuhura, wameelewana, mimi nimearifiwa baadaye. Jumamosi saa nne asubuhi natakiwa Kinyerezi, nisivae viatu vya kamba. Kuna mama huko anataka kuona kimo.